Hati ya saruji iko kwenye mkoba wangu

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, KKKT. Shuleni tunajenga madarasa mawili kwa fedha za serikali, nami ni katibu wa kamati ya mapokezi. Kazi yenyewe ni ndogo: gari likija tunahesabu, tunasaini.

Mwezi jana ilikuja saruji. Hati ilisema mifuko 200. Nilihesabu 140. Nikarudia, safari hii nikichora vistari vya chaki ukutani, vitano vitano, ikaja ileile. Mwalimu mkuu akacheka: "Saini tu mwalimu, iliyobaki inakuja Jumatatu." Jumatatu tatu zimepita. Wenzangu wameshasaini.

Kwamba ni uongo najua, hilo sikuulizi. Ila jina langu limepelekwa wilayani kwa nafasi ya mwalimu mkuu shule ya jirani. Posho ya madaraka ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na kijana wetu yuko chuoni, mkopo haumtoshi hata chakula. Aliyenipendekeza ni huyohuyo mwalimu mkuu. Wala hakunitisha, alisema tu, "Nakuamini, usiniangushe." Na nisikufiche, mchungaji, nafasi hiyo naitaka. Nimeshajiona kwenye ile ofisi.

Mume wangu si mtu wa rushwa. Lakini juzi usiku alinifungulia 2 Wafalme 5, pale Naamani, jemadari wa Shamu, akiisha kupona ukoma anamwomba nabii Elisha asamehewe atakapoinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, kwa kuwa mfalme bwana wake humwegemea mkononi. Elisha hakumkemea, alimwambia aende kwa amani. "Na wewe umeegemewa," akasema. "Inama, Mungu anaujua moyo wako." Sikuwa na jibu. Nilizima taa.

Kila Jumapili mimi na wazee wawili tunahesabu sadaka. Ikipishana na daftari hata kwa mia tano, tunarudia mpaka ilingane. Jumapili iliyopita mikono ilinitetemeka juu ya sarafu. Maana liko jingine: mwaka jana nilisaini madawati 40 yalipokuja 38, nikajiambia ni mawili tu. Hakuna aliyeuliza. Sasa leo nikikataa, nakataa kwa ajili ya Mungu, au ni kwa kuwa safari hii pengo ni kubwa mno kulifunika?

Nishauri. Nisaini huku nikiandika 140 kwa mkono wangu, na kumtia aibu mtu aliyenilea kikazi? Au nijitoe kwenye kamati kimyakimya, aje mwingine asaini 200? Yale madawati nayo nikayaseme wapi? Na habari ya Naamani, mume wangu nimjibu nini?

Hati imekunjwa mara nne ndani ya mkoba. Inatakiwa Ijumaa.

Mwalimu, Nyanda za Juu Kusini