Kipanya cha USB bado hakijazeeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nijibu ushauri uliotolewa wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa teknolojia, kwamba anayetaka kipanya cha kompyuta kisicho na waya siku hizi achukue cha Bluetooth tu, kwa kuwa vile vinavyokuja na kidude cha kuchomeka kwenye tundu la USB vimepitwa na wakati. Niliusoma nimesimama, maana kiti changu alikuwa amekikalia mteja, na nilipomaliza nikamwambia binti ninayefanya naye kazi: huyu bwana hajawahi kuendesha steshenari.

Mimi ninayo, hapa Manundu, Korogwe, mwaka wa tisa sasa. Nina kompyuta tatu za mezani, printa mbili na mashine ya kopi yenye hasira. Tunachapa barua, tunajaza fomu za mtandaoni, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika foleni hutoka nje hadi kwa muuza chipsi. Vipanya nimevizika vingi. (Kwa watu wa rika langu kipanya ni ile Hiace ya daladala iliyokuwa ikitubana Dar es Salaam, lakini hilo tuliache.)

Hasara yangu ilianza mwaka juzi, nilipochoshwa na nyaya zilizojaa mezani. Nikampigia muuzaji mmoja wa Kariakoo anitumie kipanya kizuri kisicho na waya. Akaniuliza nina shilingi ngapi, hakuniuliza nina kompyuta gani. Kikaja kwa basi, cha 35,000, boksi linang'aa, chenyewe chembamba kama sabuni inayokaribia kuisha. Nikatafuta USB yake, ile ndogo kama ukucha. Nikapindua boksi, nikalikung'uta, nikakunjua karatasi ya maelekezo mpaka ikachanika. Hamna. Nikampigia tena, nikimtuhumu kabisa kwamba amebaki nayo.

"Mama, hicho ni cha Bluetooth, hakina USB."

Sasa kompyuta zangu ni za mtumba, zimefanya kazi kwenye ofisi za watu ng'ambo kabla ya kuletwa huku, na ndani yake hakuna Bluetooth hata ya dawa. Nikaomba kukirudisha. Akanielekeza nisome chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na hata angekubali, ukijumlisha gharama ya kutuma mzigo kwa basi kwenda na kurudi, na siku za kusubiri, faida ingekuwa ya mwenye basi.

Fundi wangu akashauri ninunue kifaa kidogo cha kuipa kompyuta Bluetooth, nikichomeke kwenye tundu la USB. Nikamwuliza, yaani nimenunua kipanya kisichotaka tundu la USB, halafu ninunue kitu cha kuziba tundu la USB ndipo kifanye kazi? Akacheka tu.

Ila nimshukuru, kwani siku ile alinieleza jambo ambalo mwandishi wenu amelipita. Aina zote mbili kwa kawaida hupita barabara moja, mawimbi ya redio ya GHz 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi. Hakuna ya kisasa na ya kizamani hapo. Tofauti ni nani anapokea. Kipanya cha Bluetooth kinategemea redio iliyomo ndani ya kompyuta, na kama haimo, umeumia. Cha USB kinakuja na mpokeaji wake, wamefungishwa ndoa kiwandani. Kompyuta yenyewe haijui habari za mawimbi, inaona kipanya kama cha waya, basi. Na kama njia hii imekufa, kwa nini Logitech, kampuni inayotengeneza vipanya na kibodi, mwaka 2021 walitoa mfumo wa Logi Bolt, wenye USB ya kuchomeka, ambayo ndani yake inatumia teknolojia ileile ya Bluetooth, ile inayokula umeme kidogo?

Faida yake nimeiona siku fundi alipokuja kuweka Windows upya kwenye kompyuta namba mbili. Kipanya cha Bluetooth mara nyingi hulala hadi Windows iamke. Kabla ya hapo, kwenye ile mipangilio ya mwanzo kabisa au katikati ya kuweka Windows mpya, unakisukuma na mshale hautikisiki. Cha USB hufanya kazi tangu mwanzo. Sisi ambao umeme unaweza kukatika na kurudi mara tatu kabla ya saa nne asubuhi tunataka kipanya kinachoamka pamoja na mashine, si cha kubembelezwa na kuunganishwa upya huku mteja anaangalia saa ya basi lake la Tanga.

Lakini sitaki nionekane nauza vipanya vya USB. Vina maudhi yake, na baya kuliko yote ni hiyo USB yenyewe kupotea. Ikipotea, kile kipanya cha bei rahisi kimekwisha, hata kama bado kizima, maana hakimtambui mpokeaji mwingine. Mwezi wa saba uliopita kijana mmoja alimaliza maombi yake, akachomoa flashi yake, akachomoa na USB ya kipanya iliyokuwa jirani, akazitia zote mfukoni. Watu kumi na wanne walikuwa kwenye foleni. Binti akatoka mbio hadi stendi akamkuta ameshakaa dirishani. Alituomba radhi sana, alidhani ni kipande cha flashi yake. Tangu siku hiyo USB zote nimezichomeka nyuma ya kompyuta na kuzifunga utepe mwekundu.

Huko nyuma nako kukazua jambo. Wanakwaya walileta diski ya nje wanakiliwe video zao, nikaichomeka kwenye tundu la bluu, lile la USB 3.0 lenye kasi, na mshale ukaanza kurukaruka kama panzi. Nikabadilisha betri, nikafuta meza, nikakipangusa kipanya kwa kanga ya begani. Ikichomolewa diski, mshale unatulia. Kumbe ni jambo linalojulikana: tangu 2012 Intel, kampuni inayotengeneza chipu za kompyuta, walitoa waraka wakieleza kwamba USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye hiyohiyo GHz 2.4, na mpokeaji aliye jirani hupata taabu kusikia. Dawa yake ni waya mfupi wa kurefushia USB, ukaisogeza mbali na diski. Sina hakika ni wauzaji wangapi wanaoweza kukuambia hili. Wangu aliniuzia betri.

Na usalama, kwa kuwa mwandishi aliugusa. Ni kweli mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Marekani iitwayo Bastille walionyesha kwamba vipanya na kibodi kadhaa za kuchomeka USB, zisizotumia Bluetooth, zilikuwa na mwanya wa mtu aliye umbali wa hadi mita 100 kuingiza maandishi kwenye kompyuta yako kana kwamba yeye ndiye anayebonyeza kibodi. Niliposoma nilishtuka, kisha nikakumbuka kwamba wateja wangu hunitajia maneno yao ya siri kwa sauti, mbele ya foleni nzima.

Hata hivyo wapo watu ambao ningewakataza wasinunue cha USB. Walimu, kwa mfano. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu, na hapa kwangu huja walimu wakitaka kipanya cha kuwasaidia kuandika maazimio ya kazi. Kishikwambi hakina tundu kubwa la USB, lakini Bluetooth kinayo. Unakiunganisha mara moja, mshale unatokea kwenye kioo, mwalimu anatabasamu. Vivyo hivyo kwa zile kompyuta mpakato nyembamba zenye matundu mawili madogo ya USB-C, moja la chaji, jingine la kila kitu duniani. Huyo ukimpa kipanya cha kuchomeka umempa na kazi ya kutafuta kiunganishi.

Vipo pia vya njia mbili, vyenye USB yake na Bluetooth ndani, na kitufe cha kubadilishia kwa chini. Ndivyo ninavyonunua sasa ninapokuwa na fedha, na nisipokuwa nazo nanunua cha USB cha 15,000. Kwenye droo kipo cha waya, kimechakaa mpaka maandishi yamefutika, na sikigawi.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni viwili. Wauzaji waandike kwa Kiswahili juu ya boksi au hata kwenye kikaratasi cha bei, "hiki hakina USB, lazima kompyuta iwe na Bluetooth," na wamruhusu mteja akijaribu kabla hajalipa, kama tunavyojaribu balbu dukani. Na mwandishi wenu, akiandika tena, asianze na kipanya. Aanze kwa kumwambia msomaji aigeuze kompyuta yake ubavu ahesabu matundu, kisha aingie kwenye mipangilio aangalie kama Bluetooth imo. Ni kazi ya dakika mbili, mimi ilinigharimu 35,000.

Kile chembamba kama sabuni nilimpa mwanangu anayesoma chuo Dodoma, kompyuta yake ni mpakato. Anasema hajawahi kupata kipanya kizuri kama kile.

Ni mimi,
Mama Steshenari,
Manundu, Korogwe.