Mbwa anayekwangua sakafu asipigwe kabla ya kuchunguzwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee mbwa wanaofugwa majumbani, hasa wale wanaopigwa au kufungwa mnyororo kwa sababu tu wamekwangua sakafu.

Mwezi uliopita mbwa wetu jike aliingia stoo, akawa anakwangua saruji pembeni mwa magunia ya mkaa kwa miguu yote miwili ya mbele, akizunguka, akilala kidogo, kisha akiinuka na kuanza upya. Jirani yetu mmoja, mtu tunayeheshimiana naye sana, alinisihi nimwondoe upesi, kwani anaamini kwamba mbwa anayechimba ndani ya nyumba anamchimbia mtu kaburi. Kijana wangu alikwisha kushika fimbo. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, naye akaniuliza jambo moja tu: alipandwa lini? Tulipohesabu tukapata siku 61, na mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Kumbe mama wa watu alikuwa anatafuta pa kuzalia, kama ambavyo angechimba shimo chini ya mti. Tulimtandikia kanga kuukuu ndani ya boksi, na alfajiri ya pili yake tukakuta watoto watano wananyonya.

Si kila anayekwangua ana mimba, bila shaka. Hapa Tanga wakati wa joto kali, mbwa hukwangua kigae kama anavyofukua udongo wa juu uani ili alalie ule wa chini wenye ubaridi. Mwingine amesikia panya ndani ya ukuta, sauti ambayo masikio yetu hayaipati.

Linaloniumiza zaidi ni la yule anayefungiwa peke yake kutwa nzima. Nimewahi kuona mlango wa mbao uliochimbika kwa chini, na damu iliyokauka kwenye kucha za mbwa aliyekuwa ndani. Huyo ana hofu, na kumchapa jioni, saa nyingi baada ya tendo, hakumfundishi lolote ila kumwogopa mwenyewe anaporudi.

Maofisa mifugo wanapokuja kwenye kata zetu kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, nawaomba watenge dakika chache kuwaeleza wafugaji mambo haya, kwa sababu siku hiyo ndiyo wengi wetu tunakuwa pale na mbwa wetu mkononi.

Mfugaji wa mbwa,
Tanga