Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wavuvi, Kigoma

Ndugu wanachama,

Usafi wa mwalo, mafunzo ya majaketi okozi na michango ya misiba vilifanyika kama mnavyofahamu. Wanachama ni 58, mapato shilingi 2,340,000 na matumizi shilingi 2,115,000. Mchanganuo anao mhazini.

Lililozua maneno ni shilingi 640,000 nilizoidhinisha kwa ajili ya vipimajoto vitatu vya maji badala ya ukarabati wa vichanja vya dagaa. Imesemwa kwamba ninaleta Kigoma mambo ya Japani. Kweli, nilieleza habari za mlango-bahari wa Bungo, kati ya Kyushu na Shikoku, ambako maji yenye joto ya mkondo wa bahari wa Kuroshio huingia ghafla yakifuata pwani ya Shikoku, hasa kiangazi wakati wa maji mafu, kwa kuwa kupwa na kujaa kunapokuwa dhaifu maji mepesi ya juu hayachanganyiki vya kutosha na mazito ya chini. Wenyewe huiita hali hiyo kyucho, yaani mkondo wa ghafla, na huharibu nyavu zao za kutega.

Ziwa Tanganyika halina bamvua (kupwa na kujaa kwa nguvu) wala maji mafu ya kutajika, lakini upepo wa kusini wa Mei hadi Septemba huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, nao ukitulia tabaka hilo hurudi na kuyumba kwa mzunguko wa wiki tatu hadi nne, na hilo ndilo nililotaka tulipime. Kwa kuwa tofauti ya joto baina ya juu na vilindini kwetu ni nyuzi chache tu, vipimajoto vya bei rahisi, vilivyopendekezwa na baadhi yenu, visingefaa kitu.

Nakiri kwamba usiku ule wa Agosti nilipozuia majarife (nyavu kubwa) yasitegwe kwa hofu ya mkondo wa namna hiyo, waliokaidi walirudi salama na samaki aina ya migebuka. Hata hivyo, majarife ya mwenzetu yaliposombwa mwezi uliofuata, nikiwa nimekwisha kunyamazishwa, hakuna aliyenikumbuka.

Mkutano wa Oktoba ulihudhuriwa na wanachama 17, na waliolipa ada ni 21 tu. Inasikitisha kwamba waliohoji matumizi kwa sauti kubwa zaidi hawamo katika orodha hiyo, ilhali kamba za vipimajoto nilizinunua kwa fedha yangu mwenyewe.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatazama suala la vichanja, na pengine tutampata mtaalamu wa kutufafanulia vipimo. Vipimajoto viwili viko ofisini. Aliyeazima cha tatu anaombwa akirejeshe.