Barua kwa somo yangu wa Bagamoyo

Makorora, Tanga
12 Desemba 2023

Mpendwa Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumaini u mzima pamoja na mama na watoto. Sisi huku hatujambo. Niwie radhi kwa kimya changu tangu arobaini ya Bi. Kidawa.

Nakuandikia kwa ajili ya Rehema wa dada. Mwanawe ametimiza miezi saba, na shule zinafunguliwa Januari. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikiwa nimejiandaa kubishana, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba tangu tamko la serikali la Novemba 2021 mlango uko wazi kwa wasichana waliojifungua kurudi shuleni, na kwamba mwongozo wa mwaka 2022 unampa miaka miwili ya kurejea. Nilitoka machozi yakinilengalenga, kwa kuwa nilikukumbuka wewe, jina lako lilipokatwa kwenye daftari la mahudhurio mbele yetu, nasi tukanyamaza.

Sasa kikwazo kiko nyumbani. Dada huondoka alfajiri kwenda kununua samaki soko la Deep Sea, na bibi haoni vizuri. Nimeahidi kumshika mtoto nikishamaliza kuuza chapati, yaani kuanzia saa nne, lakini kabla ya hapo hatuna mtu. Juzi Rehema alijaribu sare yake. Mtoto akalia chumbani, na papo hapo maziwa yakalowesha shati jeupe. Akalivua, akalifua, akalianika, na lilipokauka akalirudisha sandukuni bila kusema neno. Tangu siku hiyo anasema atajifunza ushonaji tu.

Ushonaji ni kazi ya heshima, lakini Rehema anapenda fizikia. Wapo wanaonishauri tumpeleke kwenye masomo ya watu wazima, ambako sekondari ya miaka minne husomwa kwa miwili. Nami nisingekataa, ila nahofu anaikubali njia yoyote itakayomficha, hasa akilikumbuka lile shati.

Mimi nimesema hadi nimechoka, nawe ulifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea huku unalea. Waweza kuja kabla ya Januari, hata kwa siku mbili? Ulipokuwa darasani, nani alikushikia Salim? Maziwa ulikuwa ukiyakamua, au ulimwachia uji? Na wale waliokuwa wakikunyooshea vidole, uliwajibu nini? Nauli ya basi nitakutumia. Niambie tu siku, nikupokee stendi ya Kange.

Wasalaam,
Somo yako, Mwanaidi