Pai ya viazi vitamu: msivichemshe vikiwa vimemenywa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe maelekezo ya pai ya viazi vitamu yaliyotoka kwenye ukurasa wa mapishi wiki mbili zilizopita. Msomaji akiyafuata neno kwa neno atatoa kwenye oveni uji mtamu juu ya unga mbichi, kisha atasema viazi vyetu havifai kwa pai. Viazi havina kosa. Kilichoharibu ni maji: yameingia kwenye kiazi kilichomenywa, kukatwa na kuchemshwa, yakaongezwa na vikombe viwili vya maziwa, na dakika 30 za moto haziwezi kuyatoa.

Nianze na asili yake, kwa sababu ukurasa wenu uliita pai hii chakula cha Waingereza. Ufundi wa kuoka ganda la unga ndio Waingereza waliuvusha bahari, lakini pai ya kiazi kitamu ilipata sura yake kusini mwa Marekani, mikononi mwa wapishi Waafrika waliokuwa watumwa. Kiazi walikijua vizuri. Walikifukia kwenye majivu ya moto mpaka kilainike. Hadi leo, kwenye Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, watu wengi wa kaskazini huoka pai ya boga, ilhali kusini, na katika nyumba za Wamarekani Weusi popote walipohamia, inayongojewa mezani ni ya kiazi.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba hata mabibi wa huko walichemsha. Ni kweli. Abby Fisher, aliyezaliwa South Carolina enzi za utumwa na baadaye akahamia San Francisco, alitoa kitabu cha mapishi mwaka 1881. Hakujua kusoma wala kuandika, hivyo alisema na wengine wakaandika. Pai hii imo, na viazi anavichemsha. Lakini tazameni vipimo vyake: ratili mbili za viazi, yaani karibu gramu 900, kwa pai mbili, mayai matano, maji ya chungwa moja na nusu ya ganda lake lililokunwa, na maziwa gili moja tu, kama mililita 120, kwa pai zote mbili. Ukurasa wenu umetia nusu lita kwa pai moja. Tena yeye anaagiza unga uwekwe chini peke yake. Ule mfuniko wa unga mliouonyesha pichani ni wa pai ya nyama. Rojo la kiazi likifunikwa hivyo, mvuke wake hukosa pa kutokea na kuishia kulainisha unga wa juu na wa chini.

Sasa kiazi chenyewe. “Viazi vinne vya wastani” si kipimo. Pimeni gramu 750 za viazi vibichi na maganda yake. Vikishaokwa na kumenywa vitatoa kati ya gramu 450 na 500 za nyama ya kiazi, na hizo ndizo zinazotakiwa kwa chombo cha upana wa sentimita 23 chenye kina cha sentimita 4. Rangi ya chungwa inayotafutwa inapatikana kwetu kwenye viazi lishe. Kabode, aina iliyozalishwa Uganda na kutolewa mwaka 2007, inafaa sana, na Mataya pia. Miongoni mwa aina maarufu Marekani ni Beauregard, iliyotoka Louisiana mwaka 1987, ambayo ina maji mengi kuliko viazi vyetu. Ndiyo maana kipimo cha Kimarekani hakinakiliwi tu. Viazi vyeupe vikavu, vile vinavyomeguka kama unga mdomoni, navyo vinaweza kutumika, ila punguzeni nyama yake iwe gramu 400, ongezeni siagi gramu 20, na maziwa yafike mililita 240. Pai itakuwa ya rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na nzito zaidi.

Kiazi kilichochimbwa jana hakijawa kitamu vya kutosha. Kiacheni wiki mbili au tatu mahali pakavu, penye kivuli na hewa, lakini kisiingizwe kwenye friji kikiwa kibichi, kwani baridi hiyo hukifanya moyo wake uwe mgumu hata ukikipika saa mbili. Kiazi chenye vitundu vya fukusi kitupwe chote. Wengi hukata sehemu iliyoliwa na kupika iliyobaki. Haisaidii, maana kiazi kikishambuliwa hutengeneza uchungu unaosambaa mbali na kitundu, na kiazi kimoja cha namna hiyo kinatosha kuharibu pai nzima. Michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa, pamoja na utamu wake, havihusiki hapa.

Okeni viazi vizima na maganda yake. Vioshwe, vikaushwe, vitobolewe kwa uma mara tatu nne, vipangwe kwenye sinia na kuingizwa kwenye oveni ambayo bado haijapata moto, kisha iwashwe nyuzi 200 za Selsiasi. Baada ya saa moja hadi saa na robo ganda litakuwa limekunjamana na asali nyeusi inachuruzika chini. Sababu ya kwenda polepole ni hii: ndani ya kiazi mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, nacho hufanya kazi zaidi kiazi kikiwa kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Kiazi kizima kinachopata moto taratibu hukaa humo muda mrefu. Vipande vilivyotumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupita hapo kwa dakika chache, kimeng'enya kinakufa mapema, na mpishi analazimika kuongeza sukari. Hiyo ndiyo sababu maelekezo yenu yalihitaji vikombe viwili vya sukari.

Asiye na oveni avipike kwa mvuke vikiwa vizima, au avifukie kwenye majivu ya moto kama ilivyokuwa zamani. Vya mvuke vikishapondwa vikaushwe: sufuria kavu, moto mdogo, koroga kwa mwiko dakika 5 hadi 8 mpaka rojo liache kugandamana chini. Halafu weka kijiko kimoja cha rojo kwenye sahani na usubiri dakika tano. Likizungukwa na mduara wa maji, rudisha jikoni.

Pondeni kikiwa bado cha moto, kisha pitisheni kwenye chujio la waya kwa mgongo wa kijiko. Kazi hii inachosha na watu huiruka, halafu mlaji anavuta nyuzi katikati ya meno. Mwenye mashine ya kupigia keki ana bahati, nyuzi nyingi hujizungusha kwenye mapigio yake, anayatoa na kuyafuta. Blenda iepukwe, hasa kwa viazi vikavu, kwa sababu huufanya wanga uvutike kama gundi.

Rojo likiwa na uvuguvugu tieni siagi gramu 60, sukari ya kahawia gramu 150, chumvi nusu kijiko cha chai, kungumanga iliyokunwa papo hapo nusu kijiko cha chai, mdalasini nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai, na maji ya limau kijiko kimoja kikubwa. Kungumanga ndiyo inayoipa pai hii harufu yake. Mdalasini ukizidi inageuka kuwa ya boga. Iliki ni tamu, hainigombanishi na mtu, ila mwenye kutaka ladha ya kusini mwa Marekani aiache. Onjeni sasa, kabla ya mayai. Ongezeni mayai matatu yaliyochanganywa kwa uma, kisha maziwa ya kopo mazito yasiyo na sukari, mililita 180 na zisizidi, isipokuwa kwa viazi vyeupe vikavu nilivyovitaja. Pasipo na ya kopo, chemsha nusu lita ya maziwa bila mfuniko, ukikoroga, mpaka ibaki pungufu kidogo ya robo lita, yapoe, ndipo upime. Tui la kasimile, lile zito la kwanza la nazi, linashika nafasi hiyo bila shida. Mayai yasipigwe mpaka yatoe povu: hewa hiyo hutuna ndani ya oveni, pai ikiumuka kila mtu anafurahi, na ikipoa inabonyea na kupasuka.

Ganda linahitaji unga wa ngano gramu 160, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, siagi baridi gramu 70, mafuta ya kuganda gramu 30, na maji ya barafu vijiko vitatu hadi vinne vikubwa. Siagi ikatwe vipande na kufikichwa kwenye unga kwa ncha za vidole hadi ibaki punje ndogo na nyingine kubwa kama kunde. Punje hizo zikiyeyuka ndani ya oveni huacha nafasi, na ganda linachambuka. Zikiyeyuka mkononi, kama inavyotokea Dar es Salaam saa nane mchana, ganda huwa gumu kama biskuti ya zamani. Kwa hiyo unga na bakuli viwekwe kwenye friji nusu saa kabla, na kazi ifanywe alfajiri au usiku. Majarini laini ya kupaka mkate ina maji na ulaini mwingi, haifai hapa. Maji ya barafu yatiwe kijiko kimoja kimoja, mkusanye tu, msikande. Mkono uliozoea chapati utataka kukanda. Uzuiwe, kwa sababu unga uliokandwa unavuta, na ukishaingia motoni unajikunja kutoka kwenye kingo za chombo. Funga, pumzisha kwenye friji saa moja, ndipo usukume hadi unene wa milimita 3, utandaze kwenye chombo bila kuuvuta, na uurudishe kwenye friji dakika 20.

Ganda lazima litangulie motoni. Tandika karatasi ya kuokea juu yake, jaza maharage makavu ya kulizuia lisiumuke, oka nyuzi 190 kwa dakika 15, toa karatasi na maharage, oka tena dakika 7 hadi chini pakauke na kuanza kupata rangi. Likiwa bado moto, lipake ute wa yai kidogo. Maharage hayo hayapikwi tena, yawekwe kwenye kopo kwa pai ijayo.

Mimina rojo, shusha moto hadi nyuzi 175, oka dakika 50 hadi 60 kwenye kipande cha chini cha oveni. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kungoja katikati pakauke. Kingo zikiwa zimesimama na katikati, upana wa kikombe cha kahawa, panatikisika kama maziwa ya mgando, itolewe. Mwenye kipimajoto atasoma kama nyuzi 80 katikati. Joto lililomo ndani litamalizia kazi. Ikiachwa mpaka kisu kitoke kikavu kabisa, mayai hukaza, hukamua maji yake, na kesho yake mtaona matone juu na ufa katikati. Kingo zikipata rangi mapema, zizungushieni karatasi ya foili.

Kwa jiko la mkaa: sufuria nzito, mchanga mkavu sentimita 3 chini, ipate moto dakika 20, kisha chombo juu ya mchanga na mfuniko wenye makaa. Wakati wa kuoka ganda tupu, moto wa chini uwe mwingi. Rojo likishaingia, punguzeni wa chini na wa juu, mwongeze makaa mawili matatu kila yanapofifia, na mfuniko usifunuliwe kabla ya dakika 40. Moto wa keki ya kawaida, ule wa juu kuwaka sana, utaunguza uso huku katikati pakiwa bado rojo.

Ipoe saa mbili kabla ya kukatwa. Ikikatwa moto haishiki, hata ingekuwa imeiva sawasawa. Kisha iingie kwenye friji, maana ina mayai na maziwa na kwa joto letu haifai kulala mezani. Humo inakaa siku tatu, na siku ya pili ladha ya kungumanga ndiyo inakolea. Ganda peke yake, likiwa bichi na limefungwa vizuri, linakaa mwezi kwenye friza.

Ombi langu kwa ukurasa wa mapishi ni kwamba marudio ya maelekezo haya yachapwe kwa gramu na mililita, bila mfuniko wa unga, na maziwa yashuke kutoka vikombe viwili hadi mililita 180.

Mwokaji,
Morogoro