Barua kuhusu neno «chotara»

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza kama katika kijitabu unachowaandalia wafugaji inafaa kumwita chotara kila ng'ombe wa maziwa. Haifai. Chotara ni mzao wa wazazi wa koo mbili tofauti. Ndama wa dume la Friesian, ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya, na mtamba wa Zebu, ng'ombe wa nundu, ni chotara, lakini Friesian halisi, hata akijaza ndoo namna gani, si chotara.

Hata hivyo, neno hilo peke yake halimtoshi mfugaji. Ndama huyo wa kwanza ana damu nusu kwa nusu. Akikua akapandishwa tena kwa dume la Friesian, mzao wake atakuwa na robo tatu ya damu ya Friesian, na hapo maziwa huweza kuongezeka iwapo lishe ni nzuri, ila ule ustahimilivu wa joto, kupe na malisho haba uliotoka kwa Zebu huzidi kupungua. Wote wawili ni chotara, ilhali matunzo yao hayafanani, na anayenunua bila kuuliza kiwango cha damu huweza kupata hasara kubwa.

Kwenye mimea utakuta pia neno mahuluti, lenye asili ya Kiarabu, nalo nalipenda kwa mbegu. Katika shamba la mbegu za mahindi, mistari ya mama na ya baba, ya koo mbili tofauti, hupandwa jirani, kisha mbelewele za mama, yaani maua ya kiume yaliyo kileleni, hung'olewa kabla hazijamwaga chavua, ili magunzi yake yachavushwe na baba tu. Punje za mama ndizo mbegu mahuluti. Ukizipanda, kisha ukapanda tena punje ulizovuna kwazo, zitaota vizuri, lakini mimea itapishana kimo na mavuno yatashuka. Kwa hiyo usiandike kwamba chotara ni tasa. Utasa ni wa baghala, mzao wa punda dume na farasi jike, kwa sababu punda ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) 62, farasi 64, naye baghala amebaki na 63 zisizoweza kulingana jozi kwa jozi.

Kwa binadamu, nakusihi uliepuke neno hili, kwa kuwa wengi huliona ni tusi, na wana haki.

Basi kila unapoandika chotara, taja koo za wazazi wote wawili pamoja na kiwango cha damu. Nitumie rasimu ikikamilika, nitaisoma kwa furaha.

Wako akupendaye,
Rafiki yako