Mwanangu, Hukuwa Yatima

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku uliniuliza kama ni Mungu aliyekutoa kwa mama mmoja akakupa mwingine, nami nikakujibu kwamba Mungu ana mipango yake, kisha nikazima taa. Lile lilikuwa jibu la mimbarini. Nimekuwa mke wa mhubiri kwa miaka mingi, na najua jibu la namna hiyo hutolewa pale mtu anapotaka maswali yaishe. Kwa kuwa umekwisha kutimiza miaka 18, na faili lako sasa ni mali yako, nakuandikia yale niliyopaswa kukwambia usiku ule.

Tulipoanza safari ya kuasili mtoto, baba yako na mimi tulikuwa tumekwisha kutumwa na kanisa kuhubiri Injili mbali na nchi yetu. Tuliishika ile aya ya Yakobo 1:27 inayosema kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, tukaiandika juu ya barua ya maombi tuliyoyapelekea makanisa yaliyokuwa yakitutegemeza, tukawaomba watuombee tumpate yatima wetu. Angalia, mwanangu, jinsi tulivyoisoma: aya hiyo hiyo inawataja yatima na wajane pamoja, lakini sisi tulichukua nusu ya kwanza tukaiacha ya pili. Wakala aliyetusaidia alikuita yatima, kwa maana ya mtoto asiye na mtu duniani, nasi hatukumuuliza amejuaje, kwa sababu neno lile lilitufaa.

Taratibu zenyewe sitazieleza kirefu. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaosimamia kuasili watoto baina ya nchi na nchi, unataka wazazi wapeleke maombi yao kwa Mamlaka Kuu, yaani ofisi inayosimamia uasili, ya nchi wanamoishi, wala si ile iliyowapa pasipoti, na familia ya wamisionari huishi huku ikiwa raia wa kule. Afisa wa ustawi wa jamii aliyekuja kutuchunguza nyumbani alitaka kujua kipato chetu cha mwezi, na baba yako akajaribu kumweleza maana ya kuishi kwa imani, yaani kwa kutegemezwa na makanisa. Yule afisa aliandika, akafuta, akaandika tena. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Kisha tukangoja miezi 14. Sehemu hii ndiyo ninayokuomba uisome polepole.

Katika miezi ile kila barua iliyokuja ilisema jambo moja tu, kwamba uchunguzi bado unaendelea. Sisi tuliuita ucheleweshaji huo vita vya kiroho. Tulifunga siku tatu, makanisa matatu yakafunga pamoja nasi, na katika mikesha watu walisimama wakalikemea kwa jina la Yesu kila pingamizi lililosimama kati yetu na mtoto wetu. Nilikemea kwa sauti kuliko wote. Ripoti yako ilipofika, nikaisoma nikiwa nimesimama jikoni, ndipo nilipofahamu pingamizi lile lilikuwa nini. Mkataba unaiagiza nchi ya mtoto ipime kwanza, kwa uzito unaostahili, kama anaweza kulelewa katika nchi yake, ndipo afikiriwe kupelekwa nje. Kwa muda wote ule afisa mmoja, ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kila ukurasa, alikuwa akimtafuta mama yako mdogo.

Alimpata. Mama yako mdogo alikuja kukuona mara mbili, na mara ya pili alisema kwamba hataweza. Sababu zake zimo katika ripoti, na kwa kuwa ni zake, sitazirudia hapa. Lakini nataka ujue kutoka kinywani mwangu kwamba siku zile tulizofunga tukiomba mlango ufunguke, mlango tuliokuwa tukiomba ufungwe, bila kujua, ulikuwa wa nyumba ya mama yako mdogo.

Tena mama aliyekuzaa alikuwa hai. Imeandikwa hivyo katika ukurasa wa pili, sentensi ya kwanza. Ridhaa ya mama, kwa mujibu wa Mkataba, lazima itolewe kwa maandishi, kwa hiari, pasipo malipo, na baada ya mtoto kuzaliwa. Na karatasi hiyo imo ndani ya faili. Hakuweka sahihi, aliweka alama ya dole gumba, kwa wino wa zambarau, mara mbili. Alama ya kwanza imekwaruzika upande mmoja, kana kwamba mkono uliondoka kabla haujagandamizwa vizuri, na ya pili, chini yake, imekaa sawasawa hata mistari ya ngozi inahesabika. Nimeitazama ile ya kwanza mara nyingi kuliko nilivyoitazama picha yako ya kwanza. Baba yako alipoiona alitoka nje, na alikaa huko mpaka giza likaingia.

Ungeweza kuniuliza kwa nini hatukurudi nyuma. Mama yako mdogo alikuwa amekwisha kusema lake, mama yako alikuwa amekwisha kutia dole, na wewe ulikuwa umelala miezi mingi katika chumba cha watoto wengi. Naamini hata sasa kwamba kukuchukua kulikuwa sahihi. Kibaya ni namna tulivyoisimulia habari yako. Baba yako alihubiri kwa miaka kwamba kuasili mtoto ni picha ya Injili, kwa kuwa Paulo anawaambia Warumi na Wagalatia kwamba tumepokea kufanywa wana. Ni neno zuri, nalo limenifariji mimi mwenyewe. Lakini katika mfano wa Paulo hakuna mama anayebaki nyuma, kwa hiyo kila tulipouhubiri, wako naye hakuwamo.

Siku hizi narudi zaidi kwenye Kutoka sura ya pili. Binti Farao anamwokota mtoto wa taifa lingine, na kabla hajamfikisha kwake, mtoto anarudishwa kwa mama yake mzazi anyonyeshwe, tena kwa mshahara. Sura ile inamwita mama huyo binti wa Lawi tu. Jina lake, Yokebedi, halitajwi mpaka sura ya sita. Na jina alilomwita mwanawe kabla ya lile la Musa hatuambiwi kabisa. Lako tunalo, limo ndani ya ripoti.

Makosa yetu hayakuanza kwetu. Mwaka 1955 Harry Holt na mkewe Bertha, Wakristo wa Oregon, Marekani, waliasili watoto wanane kutoka Korea baada ya vita, na makanisa mengi yakawashwa moyo na mfano wao. Miaka 70 baadaye, mwezi Machi 2025, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitangaza kwamba kati ya watoto waliopelekwa nje kwa miongo mingi wamo walioandikishwa kama yatima hali wazazi wao walikuwa wanajulikana. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka barua yetu ya maombi. Sisi hatukughushi karatasi, lakini neno lilikuwa lile lile. Baba yako aliandika barua nyingine ya kulisahihisha, akayaomba makanisa radhi, na kanisa moja likaacha kututegemeza. Hatujawahi kulijutia.

Sasa nalijibu swali lako. Sidhani Mungu alikutoa kwa mama yako. Nadhani alikuwa katika chumba kile dole lilipokwaruzika, na alikuwa jikoni niliposimama na ripoti, na mimi siwezi kuziunganisha saa hizo mbili ziwe hadithi moja nzuri. Nimeacha kujaribu.

Mkataba ulikataza tusikutane na mama yako kabla ridhaa haijakamilika, ili asije akashawishiwa, na katazo hilo ni la haki. Lakini baada ya hapo hakuna sheria iliyotuzuia kumtafuta. Tuliogopa tu, mimi hasa.

Kifungu cha 30 cha Mkataba kinazitaka mamlaka kuhifadhi habari za asili ya mtoto na kumruhusu kuzifikia kwa kadiri ya sheria ya nchi. Fomu ya kuomba habari hizo nimeiweka juu ya faili, mezani kwako. Sehemu ya wazazi walioasili nimekwisha kuijaza, na baba yako ametia sahihi. Mstari wa jina la mwombaji nimeuacha wazi, kwa sababu sijui utataka kuandika jina lipi.

Mama yako